Wakimbiaji wa Fundi Makame

Lori la mbao lilimwacha Asukile pale Uyole. Yeye ndiye aliyekuwa utingo wake, na alikuwa ameshuka kununua ndizi za kuchoma. Dereva akadhani ameshapanda nyuma, akatia gia akaondoka. Mtu mwingine angekaa kando ya barabara akangoja lori jingine. Asukile alilifukuza lile lile. Alilifukuza ndani ya vumbi lake, ndizi mkononi, na alipolikuta limesimama Mwanjelwa, dereva anatia maji kwenye rejeta, akaanza kumtukana yule dereva, na ukoo wake, na lori lenyewe.

Makame Othmani, fundi cherehani wa pale mjini Mbeya, alikuwa anapita kupeleka suruali ya mteja. Akasimama kusikiliza. Matusi yenyewe hayakuwa mapya, kila mtu pale alikwisha kuyasikia. Kilichomshika Makame ni kwamba yalitoka mfululizo, marefu, bila hata nukta ya kuhema.

"Kijana," alimwita, dereva alipokwisha kuomba radhi, "gari hili umelifuata tangu wapi?"

"Uyole, mzee."

"Kwa miguu?"

"Kwani ningelifuata kwa kitu gani?"

"Na pumzi ya kutukana umeitoa wapi?"

Asukile akacheka, akatazama ndizi yake iliyojaa vumbi, akaimenya. "Hiyo haijawahi kuniishia, mzee."

"Jumamosi jioni njoo sokoni, barazani kwangu. Uliza kwa Fundi Makame, utaonyeshwa. Na siku hiyo usinywe mtindi."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na Makame alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zimechanganyika nyeupe na nyeusi, na kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani ila wakati wa kulala. Baba yake alikuja bara kutoka Bagamoyo zama za Wajerumani, akafika Iringa, akaoa, hakurudi tena pwani. Makame alizaliwa Iringa, akajifunza Kurani chuoni na Kihehe barabarani. Na alipopata nguvu za ujana, kabla barabara zile hazijajua magari, akaajiriwa kuwa tarishi wa barua.

Siku hizo barua za Iringa kwenda Tukuyu zilikwenda kwa miguu ya watu, mmoja akimpokea mwingine njiani. Kipande cha Makame kilikuwa cha kwanza, Iringa mpaka Ifunda. Aliteremka mlima wa Ipogolo mfuko ukiwa begani, akavuka daraja la Ruaha Mdogo, akapandisha na kushuka vilima vya Uhehe mpaka alipomkuta Mbena mmoja anamngoja. Akalala, kesho yake akarudi na mfuko wa huko. Alikimbia kwenye mvua ya masika na kwenye ukungu wa Juni usiokuonyesha vidole vyako. Mara moja simba walilala barabarani karibu na Tanangozi. Akawazunguka kwa mbali, akaongeza mwendo kidogo, na mfuko ukafika. Hakuna aliyempigia makofi. Tarishi alipigiwa kelele akichelewa tu.

Kisha magari yakaja, na barua zikapanda magari. Makame akajifunza kushona, akahamia Mbeya wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa inavuta watu, akaoa, akatulia. Lakini jimbo lilipotangaza mbio ndefu za maili ishirini na sita, kuanzia karibu na Ifunda na kuishia Iringa mjini, hakupata usingizi mzuri.

"Ile ni njia yangu," alimwambia mkewe Siwema.

"Basi nenda kaikimbie."

"Miguu yangu imezeeka. Nitatafuta mingine."

Akaitafuta, akaipata jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Asukile, ambaye Jumamosi ile alifika kweli. Ya pili ilikuwa ya Saulo, Msafwa wa miteremko ya Loleza, aliyeshusha magunia ya viazi sokoni na kupanda tena nyumbani kwake kabla jua halijakaza. Mtu mkimya, magoti kama mafundo ya mti. Ya tatu ilimshangaza kila mtu. Marcelino alikuwa mwashi, mtu mzima mwenye watoto wanne, kifua kipana, mwendo mzito. Alikuja mwenyewe akasema, "Fundi, mimi sina mbio. Lakini sijui kuchoka." Makame akamsogezea kigoda, akamwambia, "Kaa hapa."

Jioni baada ya kazi waliteremka kuelekea Uyole na kurudi. Alfajiri za Jumamosi walipanda njia ya Chunya, kule ambako hata malori hupanda yakilia, mpaka kwenye baridi ya Kawetire. Makame alikwenda nao kipande, kisha akasimama mahali akawangoja warudi. Alikuwa mkali kwa namna yake. Alipowakuta wanakimbia kimya, aliwauliza habari za nyumbani, na asiyeweza kujibu kwa sentensi nzima alirudishwa nyuma atembee. "Hizo ni mbio za mwizi," alisema. "Mwizi anakimbia mpaka kona. Sisi tunakwenda Iringa." Mlimani aliwataka wafupishe hatua na waangalie udongo ulio mbele ya miguu yao, kwa kuwa anayekitazama kilele anaupanda mlima mara mbili, mara kwa macho na mara kwa miguu. Kwenye mteremko aliwakataza kujizuia kwa visigino. "Mteremko ndio unaokula mapaja. Mlima unapewa lawama tu."

Watu waliokuwa na nafasi ya kucheka walicheka zaidi juu ya mapumziko yake. Ijumaa hakufundisha, anakwenda msikitini. Jumapili hawakufundishika, wanakwenda kanisani, Marcelino kwa Wakatoliki, wale wawili kwa Wamoraviani. "Timu yenye sabato mbili!" walisema barazani. Makame aliendelea kukanyaga cherehani yake. "Mguu unakua ukilala," alijibu, "kama mtoto."

Fulana aliwashonea mwenyewe, za kijani, na mishono ya kwapani akaigeuza nje ili isiwachune. Raba zao alizikata mbele vidole vikapata hewa. Siwema alizitazama zile raba, akatazama na wenyewe wakiondoka jioni kwa mwendo wa polepole.

"Watu wazima wanakimbia, na hakuna anayewafukuza," alisema. Hata hivyo, Jumamosi uji wa ulezi aliupika yeye, mwembamba, sukari na chumvi kidogo kama alivyoelekezwa.

Mbio zao za kwanza zilikuwa Agosti ya mwaka wa hamsini na sita, na ziliharibika.

Iringa walikuwa na mtu wao, Danieli, Mhehe wa Idodi, aliyelelewa nyuma ya ng'ombe kwenye joto la bondeni. Alikuwa mrefu na mwenye madaha, na alianza kwa kasi kama vile Iringa ilikuwa nyuma ya kichaka kile pale. Asukile aliambiwa asimfuate. Akamfuata. Maili baada ya maili walikwenda bega kwa bega, na watu wa vijijini wakapiga vigelegele. Lakini walipoanza kuteremkia Ipogolo mapaja ya Asukile yalikataa. Makame alimkuta darajani amekaa ukingoni, anatetemeka, anayatazama maji. Danieli alishinda. Saulo akawa wa saba, Marcelino wa tisa, na Asukile akaingia Iringa amekaa nyuma ya lori.

Mbeya walilipenda hilo. "Utingo hasahau lori lake," walisema.

Asukile hakurudi mazoezini. Makame alipokutana naye sokoni, kijana alisema bila kumtazama usoni:

"Mzee, wewe unatufundisha kubeba barua. Barua haishindani na mtu."

Makame aligeuka akaondoka. Alirudi kwenye cherehani. Wiki zikapita, mvua zikaanza, Saulo na Marcelino wakaendelea kuja na yeye akaendelea kuwafundisha, lakini nyumbani alikula mawazo yakiwa mbali.

"Kola hiyo umeishona, ukaifumua, ukaishona tena," Siwema alimwambia siku moja. "Una nini?"

"Yule kijana alinivunjia heshima."

"Alikuvunjia heshima au alikuambia neno?"

Makame aliweka mkasi chini. Usiku aliligeuza lile swali kila upande, na kesho yake akapata lifti mpaka Uyole. Alimkuta Asukile juu ya lori anapanga mbao, naye Asukile alipomwona akakaza uso, akijua anakuja kukaripiwa.

"Shuka," Makame alisema. "Nina maneno mawili tu."

Akashuka.

"Ulisema kweli. Barua haishindani na mtu, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kushindana na mtu yeyote. Kufika nakujua. Kushinda sikujui. Tukijifunza, tutajifunza pamoja, mimi na wewe. Lakini kwanza ujue kufika."

Asukile alikuwa ameandaa majibu ya ukali, na sasa hayakuwa na kazi. Alipangusa unga wa mbao mikononi.

"Nifanye nini, mzee?"

"Ukimbie nyuma ya Marcelino. Kila siku. Usimpite mpaka nikuambie."

"Marcelino? Yule anakimbia kama amebeba tofali!"

"Ndiyo. Na tofali zake zote hufika juu ya ukuta."

Ilikuwa adhabu mwanzoni. Miguu ya Asukile iliwasha kwa kutaka kwenda, na mbele yake ulikuwa ule mgongo mpana wa mwashi, jioni baada ya jioni, haubadiliki. Aliimba, alilalamika, alimtania Marcelino juu ya nyayo zake. Marcelino alimsimulia habari za watoto wake na za kuta zilizopinda. Kisha, wakati baridi iliporudi na nyasi za asubuhi zilipoanza kuwa nyeupe kwa jalidi, Makame aliona kitu akiwa amesimama juu Kawetire. Wawili wale walikuwa wanapanda, na Asukile alikuwa amenyamaza. Alikuwa anasikiliza. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na hatua yake ilikuwa imekutana na ya Marcelino kama nyundo mbili za watu wanaojuana kazi. Makame alimwambia Siwema siku ile, "Sasa ana miguu na masikio."

Agosti ya hamsini na saba walisafiri kwenda Iringa juu ya lori, wamejifunika mablanketi, na Siwema mbele na dereva. Alisema anakwenda kumwona dada yake Mwanakhamisi, basi, si mambo ya mbio. Usiku wa kuamkia shindano Makame aliwaweka watatu mbele yake.

"Nitakuwa darajani Ipogolo. Saulo, wewe kimbia mbio zako, huna la kuongezewa. Asukile, utakuwa nyuma ya Marcelino mpaka daraja. Ukifika nitazame kichwani. Kofia ikiwa mahali pake, baki. Ikiwa mkononi, nenda."

"Na mimi?" Marcelino aliuliza.

"Wewe ni njia. Njia haisogei."

Asubuhi ukungu ulilala kwenye bonde la Ruaha Mdogo, na Makame alisimama darajani pamoja na watu wengi, wakinamama wenye watoto mgongoni, askari, wanafunzi wa misheni. Jua lilikuwa limekwisha kuufukuza ukungu walipomsikia anayekuja. Danieli, peke yake. Wenyeji wakapiga kelele. Makame hakuangalia miguu yake, aliangalia mikono. Ilikuwa imeshuka chini ya kiuno, na vidole vimefunguka. "Anaazima nguvu," alinong'ona. Wakapita wengine wawili, mmoja amejishika ubavu. Kisha kijani kikatokea kwenye kona, kijani na kijani, mmoja mbele ya mwingine.

Marcelino alikuwa amelowa jasho mpaka magotini, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa Kawetire. Asukile nyuma yake alikuwa amefumba mdomo. Alimtazama Makame. Makame alitazama mabega yake, akatazama midomo yake kama imekauka, akatazama macho. Akainua mkono, akaivua kofia mbele ya umma wote.

Asukile hakwenda. Alipiga hatua mbili, tatu, kisha akageuza uso kumtazama Marcelino, kama mtu anayeogopa kuacha nyumba peke yake.

"Huioni kofia?" Marcelino alifoka. "Nenda! Nisikuone tena!"

Akaenda. Watu walisema baadaye kwamba alitoka kama jiwe la kombeo, lakini Makame aliona vyema: alifupisha hatua, akainamisha macho, akaanza kuupanda mlima wa Ipogolo kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake.

Barabara ilipinda, ikamficha. Hapo Fundi Makame alifanya jambo ambalo hakulipanga. Alikijua kijia cha zamani, kile kilichokata mlima moja kwa moja, ambacho matarishi walikitumia magari hayajaja. Alikunja kanzu yake mkononi, akakimbia. Majani yalimchapa, mawe yaliteleza chini ya makubadhi yake, kifua kikamwaka moto, na alipotokea kwenye kona ya juu ilimbidi ashike mwamba asianguke.

Aliwaona, wale wawili wa kati wamekwisha kuachwa nyuma. Danieli alikuwa mbele kwa urefu wa mtu mmoja, halafu nusu ya mtu, halafu walikuwa sawa. Mhehe yule hakutoa njia kwa urahisi. Alikaza meno, akajitupa mbele, na kwa kitambo wote wawili walipanda bega kwa bega kama mwaka uliopita. Asukile hakumtazama. Alitazama udongo. Na pale palipo pakali kuliko pote, ambapo malori hubadilisha gia, alimwacha Danieli taratibu, bila kishindo, kama kivuli kinavyoliacha jiwe jua linapohama.

Wakapita kona. Makame akaketi juu ya mwamba, kofia bado mkononi, akahema. Muda si muda akasikia kelele kutoka mjini, ngoma na vigelegele, na kati ya sauti zote akatambua sauti moja aliyoijua kwa miaka ishirini na mitano. Ilikuwa ya Siwema. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Hapakuwa na mtu.

Wakimbiaji wengine walipita. Halafu, kutoka juu, akamwona mtu anashuka mlima, amejifunika blanketi la kupewa. Alikuwa Asukile. Alikuwa ameshinda, na badala ya kukaa abebwe juu juu alikuwa amerudi. Alisimama ukingoni mwa barabara, asimguse mtu, maana kumgusa mkimbiaji ni kumtoa mashindanoni, akamngoja Marcelino, aliyekuwa anajitokeza chini, mzito, kichwa kimeinama, anavuta hewa kwa sauti ya msumeno.

"Marcelino!" Asukile aliita. "Acha kuivuta pumzi! Itoe! Itoe yote, mpaka chini kabisa! Itarudi yenyewe!"

Marcelino alipuliza kama mtu anayewasha moto wa kuni mbichi. Akapuliza tena. Kichwa chake kikainuka. Akapita akipuliza, na kwenye kona akampita mtu mmoja.

Makame alibaki ameshangaa. Neno lile hakuwahi kulifundisha. Hakulijua. Miaka yote ile ya mfuko begani alivuta hewa kwa nguvu, akalipa kwa maumivu ya ubavu, na hakuna aliyemwambia. Akajaribu pale pale juu ya mwamba: akatoa pumzi yote mpaka tumbo likaingia ndani, akangoja. Ikarudi yenyewe, nzuri, baridi, imejaa.

"Mzee!" Asukile alikuwa amemwona. "Umefikaje huku?"

"Hilo la pumzi umelitoa wapi?"

Asukile aliona haya kidogo. "Nyuma ya Marcelino. Nilikuwa naisikiliza yake mwaka mzima. Nikaona anachoka kwa kuvuta. Nikajaribu kinyume. Sikukuambia kwa sababu... nilidhani utasema ni upuuzi."

"Ningesema," Makame alikubali. Akaicheka nafsi yake mpaka akakohoa. "Nishike mkono, mwanangu, twende mjini. Miguu hii leo imekwisha."

Saulo aliwapita njiani akawapungia mkono mmoja, kimya kama kawaida yake, naye akaingia wa sita. Marcelino alikuwa wa nne. Watatu walianza, watatu walifika, na wa kwanza wao alikuwa wa kwanza wa wote. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipotoa kikombe aliuliza ni nani aliyemfundisha mshindi, na Asukile akamsukuma mbele mzee mwenye kanzu iliyojaa mbigili. Makame hakutoa hotuba. Alisema tu, "Ni vijana wa Mbeya." Lakini Siwema, ambaye hakuja kwa mambo ya mbio, alikuwa anawaambia wanawake wa Iringa mmoja mmoja, "Zile fulana kazishona mume wangu. Angalieni kwapani. Mshono uko nje!"

Jioni walikula kwa Mwanakhamisi, mtaa wa Miyomboni, pilau kwenye sinia mbili, miguu ya wakimbiaji ndani ya karai la maji ya moto. Hodi ikapigwa. Alikuwa Danieli, amevaa shati safi, amebeba kibuyu cha asali ya kwao Idodi.

"Kamwene," alisalimia Kihehe mlangoni, akainamisha kichwa. "Nimekuja kumwona mzee."

Wakamkaribisha, akanawa, akala nao. Alipokwisha kula alimgeukia Makame. "Mzee, pale mlimani miguu nilikuwa nayo. Pumzi ndiyo iliyonitupa. Nakuomba unieleze, nifanye nini?"

Asukile alimtazama Makame, akasubiri. Saulo aliacha kutafuna.

"Swali hilo si langu," Makame alisema. "Ningekujibu vibaya. Mwulize huyu hapa, ndiye mwalimu wa pumzi."

Asukile alifuta mikono. Kisha akavuta mkeka akamsogelea Danieli, akamwambia aweke kiganja tumboni, na wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, wakaanza kupuliza kama watu wenye wazimu. Marcelino alicheka mpaka maji ya karai yakamwagika sakafuni. Danieli akabisha jambo, Asukile akambishia, wakaanza kuchorana mlima kwa vidole kwenye mkeka.

Siwema alikuwa amesimama mlango wa uani na birika la chai. Alimtazama mumewe. Fundi Makame alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, anawafuata wale wawili kwa macho neno kwa neno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaa mbele kwenye harusi ya mwanawe.